Wakikuuzia dawa ya ‘kuamsha seli’, waulize nani alizilaza

Shangazi yangu hanunui kitu bila kubishana bei. Nyanya za shilingi ishirini atamsimamisha mama mboga dakika tano nzima. Kwa hivyo niliposikia ametoa elfu nane taslimu kununua pakiti moja ya unga wa kijani, nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, “Shangazi, huu ni unga wa nini?” Akanijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto: “Unaamsha seli. Zangu zimelala, ndiyo maana niligonjeka.”

Shangazi ana saratani ya matiti. Wakati huo alikuwa katikati ya matibabu, na zile elfu nane zilikuwa pesa za nauli na vipimo vya kliniki ya mwezi huo. Kliniki hiyo aliiruka.

Nilikasirika. Nikamwambia huo ni utapeli mtupu. Yeye akaniangalia tu, kisha akaniuliza: “Sawa. Wewe si ulisomea baiolojia? Nieleze basi, seli huamshwa na nini?”

Manze, nilinyamaza. Miaka minne ya chuo kikuu, picha ya mahafali inaning’inia sebuleni kwa mama, na sikuwa na sentensi hata moja ya Kiswahili ya kumpa shangazi yangu. Kijana aliyemuuzia unga alikuwa nazo nyingi. Alikaa naye saa nzima, akamchorea kwenye karatasi, akamwekea video ya seli zinazometameta kama nyota. Mimi nilikuwa na hasira tu, na hasira haijawahi kumshinda mwenye maelezo.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nakuandikia wewe kwa sababu najua una shangazi, au mjomba, au mama ambaye ataletewa unga wa aina hiyo. Labda wewe mwenyewe umeshaambiwa kuna “biashara” nzuri ya kuuuza.

Hebu turudi kidato cha kwanza. Mwalimu alichora duara ubaoni, ndani akaweka duara dogo la kiini, akatia nukta mbili tatu, akasema nafasi inayobaki ni saitoplazimu. Tukachora, tukapaka rangi, tukapata alama zetu. Wengi wetu tulitoka pale na picha ya mfuko wa nailoni uliojaa maji, na vitu vinaelea ndani. Ukiwa na picha hiyo kichwani, mtu akikwambia seli zimelala unaona inawezekana kabisa. Maji yametulia, yanataka kukorogwa.

Picha hiyo ndiyo inayowapa hawa watu chakula. Seli halisi inafanana zaidi na mjengo, tena mjengo ulio kazini, mafundi wako juu, mbao zinapigiliwa upande huu na kung’olewa upande ule. Ndani yake kuna nyuzi za protini zinazoipa umbo, zinazoivuta na kuisukuma. Kwa pamoja nyuzi hizo huitwa kiunzi cha seli. Zilizo nyembamba zaidi zimetengenezwa kwa protini inayoitwa aktini. Aktini huja kama punje. Punje zikishikana mmoja mmoja zinakuwa uzi, na uzi ukifumuliwa zinarudi kuwa punje. Upana wa uzi mmoja ni nanomita 7 hivi. Unywele wa kichwa chako ni mnene mara elfu kumi kuliko huo.

Ukijikata kidole ukikatakata sukuma, seli za ngozi zilizo kando ya kidonda hutambaa hadi zikaziba pengo. Hazina miguu. Zinatambaa kwa kujenga nyuzi za aktini upande wa mbele na kuzibomoa upande wa nyuma. Chembe nyeupe ya damu inapomfukuza bakteria hufanya vivyo hivyo. Kwa miaka mingi watu walidhani kiunzi hiki kinafanya kazi za mkono tu, kubeba na kusukuma, na kwamba maamuzi yanatoka kwingine. Kumbe wale wa mjengo ndio pia wanaoshika funguo.

Ili uone funguo hizo ni za nini, tuangalie ukuta wa nje. Utando wa seli umejengwa kwa mafuta. Kati ya mafuta hayo kuna aina moja iliyo chache sana, kama asilimia 1 tu, ambayo kwa kifupi huitwa PIP2. Karibu nayo kuna kimeng’enya. Ndiyo, zile enzaimu tulizoambiwa husaga chakula tumboni, lakini hiki hakina shughuli na chakula. Kinaitwa fosfolipasi C, na kazi yake ni kuikata PIP2 vipande viwili. Kipande cha kwanza, IP3, huachana na utando, huingia ndani hadi kwenye ghala la kalsiamu na kulifungua. Cha pili, DAG, hubaki kwenye utando na kukiita kimeng’enya kingine kinachoitwa kinesi C ya protini. Kutoka hapo habari inaenea. Mshipa wa damu hujibana, tezi hutoa jasho, chembe nyeupe huanza msako, seli fulani huambiwa igawanyike ziwe mbili.

Sasa fikiria kidogo. PIP2 iko pale saa zote. Fosfolipasi C iko pale saa zote. Kisu na nyama viko meza moja, usiku na mchana. Mbona seli haikati tu bila kukoma? Mbona mwili wako wote haugawanyiki ovyo ukiwa umelala?

Dokezo moja muhimu lilitoka Sweden mwaka wa 1985. Ingrid Lassing na Uno Lindberg walikuwa wakichunguza profilini, protini ndogo iliyojulikana kwa kazi ya kushika punje za aktini. Ni kibarua wa mjengo hasa. Wakagundua kwamba profilini hushikana pia na PIP2. Kibarua amekutwa ameketi juu ya mafuta ya ukutani. Anatafuta nini hapo?

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1990, Pascal Goldschmidt-Clermont, Thomas Pollard na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walileta jibu katika jarida la Science. Profilini ikiwa imeshikana na PIP2, fosfolipasi C haiwezi kuikata. Mwaka wa 1991 wakaongeza nusu ya pili ya hadithi. Ujumbe wa kweli unapofika kutoka nje, tuseme kichocheo cha ukuaji kimegonga kipokezi kwenye utando, kipokezi hicho hukibandika kimeng’enya alama ndogo ya fosfati. Kikishapata alama hiyo, kimeng’enya kinaweza kukipita kizuizi cha profilini na kukata.

Ukikaa kwenye ploti yenye geti unaijua hali hii. Soja ameketi mlangoni. Mgeni asiyejulikana anasimamishwa, hata akiwa na haraka ya aina gani. Mwenye nyumba akipiga simu chini na kusema “huyo ni wangu, mwachilie,” geti linafunguka. Tofauti ni kwamba kwenye seli, soja ni yule yule kibarua wa mjengo. PIP2 ikikatwa, profilini haina tena cha kukalia, inaachiliwa, na inaweza kurudi kushughulika na aktini. Kizuizi kikiondoka, ujenzi nao unapata mkono wa ziada. Umeona mpango huo? Anayelinda ndiye anayejenga, kwa hivyo seli haiwezi kupeleka ujumbe bila kiunzi kujua.

Niseme ukweli wote. Majaribio hayo yalifanywa kwa protini zilizosafishwa, nje ya seli, na wanasayansi wamebishana sana kuhusu ni kwa kiasi gani mambo huenda hivyo hivyo ndani ya seli hai, ambako protini nyingine nyingi nazo zinaitaka PIP2. Nakwambia hivyo kwa makusudi. Mtu anayejua kitu atakuonyesha pia mahali ujuzi wake unapoishia. Muuza unga hana mahali pa kuishia. Unga wake unatibu saratani, sukari, presha, ugumba na mkosi wa kazi.

Profilini haiko peke yake. Kuna kimeng’enya kingine cha mafuta ya utando kinachoitwa fosfolipasi D. Mwaka wa 2002 watafiti walichapisha matokeo yaliyonifanya nisome ukurasa mara mbili. Aktini ikiwa punje, humzuia huyu fosfolipasi D. Aktini hiyo hiyo ikishikana na kuwa uzi, humchochea. Protini ni moja, haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kama imejengwa au haijajengwa. Yaani kiunzi chenyewe ni breki na ni mafuta ya gari, kutegemea kiko katika hali gani saa hiyo.

Kwa hivyo mtu akikwambia ataamsha seli zako, anachukulia kwamba kuna swichi moja, na kwamba imezimwa. Hakuna. Kuna maelfu ya vimeng’enya vilivyo tayari kufanya kazi na maelfu ya protini zilizovishika mkono na kuviambia ngoja. Seli yenye afya iko macho. Sehemu kubwa ya ustadi wake ni kujizuia, na kuachilia kitu kimoja mahali pamoja kwa muda mfupi. Ukisikia neno “kuamsha”, uliza hicho kinachoamshwa kilikuwa kimezuiwa na nini, na kwa sababu gani.

Hapo ndipo tunarudi kwa shangazi.

Kuna protini nyingine ya kiunzi inayoitwa kofilini. Yeye kazi yake ni kukata nyuzi za aktini. Katika seli iliyotulia, sehemu ya kofilini hufungwa kwenye utando na ile ile PIP2, na ikiwa imefungwa hivyo haikati kitu. Mwaka wa 2007, kundi la John Condeelis katika Albert Einstein College of Medicine, New York, lilionyesha kinachotokea kwenye seli za saratani ya matiti za panya. Seli zilipopewa kichocheo cha ukuaji, PIP2 ilikatwa na fosfolipasi C, kofilini ikafunguliwa pale pale, ikaanza kukata nyuzi. Kila uzi uliokatwa ulitoa ncha mpya ya kujengea. Seli ikaanza kusukuma utando wake mbele, upande wa mawindo.

Uvimbe uliotulia mahali pamoja daktari anaweza kuukata. Kinachoua wagonjwa wengi wa saratani ya matiti ni kusambaa, seli zikihama kwenda kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Na kuhama ni kazi ya kiunzi kilichoachiliwa. Seli za shangazi hazikuwa zimelala. Zilikuwa zimekataa kulala. Kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba seli zake zinahitaji kuamshwa ni sawa na kumwambia mtu ambaye gari lake limekatika breki kwenye mteremko aongeze mafuta.

Utaniambia, “Lakini mmea ni mmea, hauwezi kudhuru.” Hebu nikupe mifano miwili, na wa pili huenda uko nyuma ya nyumba yenu ushago.

Mafuta ya mbegu za mkrotoni wa Asia yalitumiwa zamani kama dawa kali ya kuendesha tumbo. Tangu miaka ya 1940 watafiti walijua jambo la kutisha kuyahusu. Ukipaka ngozi ya panya kemikali ya kusababisha saratani kwa kiasi kidogo, halafu ukaendelea kupaka mafuta ya krotoni, uvimbe huota kwa wingi. Sababu haikueleweka kwa miaka mingi. Mwaka wa 1982, kundi la Yasutomi Nishizuka kule Japani lilionyesha kwamba kiini cha mafuta hayo hujifanya DAG, kile kipande cha PIP2 nilichokutajia, na kuiamsha kinesi C moja kwa moja. Hakikungoja ujumbe, hakikubisha hodi, hakikupitia kwa soja. Na kwa kuwa hakivunjwi haraka kama DAG ya kweli, kelele haiishi. Hiyo ndiyo dawa ya kuamsha seli, wasee. Ipo. Inakuza uvimbe.

Mfano wa pili ni mnyaa, ule mmea wa ua usio na majani ya maana, wenye matawi ya kijani kama penseli. Tulipokuwa watoto tulionywa tusiuvunje, utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utalia usiku kucha. Utomvu huo una kemikali za jamii ile ile ya krotoni. Katika maabara umeonekana kuamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyojificha ndani ya seli, na kwa sababu hiyo watafiti wameuhusisha na saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya za watoto. Saratani hiyo ilielezwa mwaka wa 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, na huonekana zaidi penye malaria nyingi, ikiwemo eneo la Ziwa Victoria na Pwani yetu. Mnyaa ni wa asili, hauna sumu za kiwandani, haujatiwa rangi. Kigezo cha “asili” hakikulindi na chochote.

Sisemi mimea haina dawa. Mmoja kati ya dawa zinazotumika kutibu hiyo hiyo saratani ya Burkitt ni vinkristini, na inatoka kwenye kiua kidogo cha waridi au cheupe chenye asili ya Madagaska, kinachopandwa kama pambo hapa Kenya bila mtu kukitazama mara mbili. Vinkristini hushika tubulini, protini ya aina nyingine ya nyuzi za kiunzi, na kuzuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli inayotaka kugawanyika hukwama katikati, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili. Lakini neva zako nazo zinatumia nyuzi hizo hizo kusafirisha mizigo kutoka mwanzo wa seli hadi mwisho, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hupata ganzi vidoleni. Daktari anajua hilo mapema. Anapima dozi, anauliza kuhusu ganzi, anapunguza ikibidi.

Ama chukua alpelisibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2019 kwa aina fulani ya saratani ya matiti. Inakizuia kimeng’enya kingine kinachofanya kazi juu ya PIP2. Hiki hakiikati, kinaiongezea fosfati na kutoa amri ya kukua. Jeni ya kimeng’enya hicho ina hitilafu katika takriban asilimia 40 ya saratani za matiti za kundi linalotibiwa kwa dawa hiyo, kwa hivyo kwanza unapimwa kama uvimbe wako una hitilafu hiyo. Usipokuwa nayo, hupewi. Na kwa kuwa insulini pia hutumia njia hiyo hiyo kupeleka ujumbe wake, dawa hii inaweza kupandisha sukari, kwa hivyo sukari inafuatiliwa.

Angalia tofauti. Dawa ya kweli inakutajia protini inayoigusa. Inakwambia ni nani asiitumie. Inakwambia itakudhuru wapi. Na karibu kila mara inazuia kitu mahususi, haiamshi kila kitu. Unga wa elfu nane hauna hata moja kati ya hayo. Ama haugusi chochote ndani ya seli, na umekula nauli ya kliniki bure, ama unagusa kitu ambacho hata muuzaji hakijui. Sijui ni lipi baya zaidi.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana siwezi kumlaumu shangazi peke yake. Kwa nini alimwamini yule kijana? Kwa sababu aliketi naye. Kwenye kliniki foleni ilianza alfajiri, akaonana na daktari dakika chache, akatoka na karatasi iliyojaa maneno asiyoyaelewa na woga wa kuuliza. Hakuna aliyemweleza seli zake zinafanya nini. Mtu akiachwa na pengo kichwani, wa kwanza kulijaza ndiye atakayeaminiwa. Yule kijana alilijaza kwa uongo, lakini alilijaza kwa Kiswahili.

Na huyo kijana ni nani? Ni mimi na wewe. Amemaliza chuo, ametuma maombi ya kazi hadi amechoka, ameitwa kwenye mkutano ndani ya ukumbi wa hoteli, akaambiwa anunue pakiti za kuanzia na alete watu watatu. Huenda hata yeye anaamini, na mama yake anakunywa unga huo. Simchukii. Lakini kama ni wewe, nisikilize vizuri. Kodi ya nyumba ni ngumu, najua, hata mimi nadaiwa. Kuna mahali pa kukataa pesa, na kitanda cha mgonjwa ni pamoja napo. Ukiuza viatu vibovu mteja atakutukana. Ukimuuzia mgonjwa wa saratani muda, hatakutukana, kwa sababu hatajua ni nini ulichomchukulia.

Tuliosoma sayansi nasi tuna deni. Tulijifunza majina ya Kiingereza, tukayatapika kwenye mtihani, tukaondoka. Rafiki zangu wakisikia nilisomea biokemia huniuliza, “Sasa hiyo utakula?” Nami nilikuwa nacheka nao. Siku ile sebuleni kwa shangazi niliona inaliwa vipi. Mtu mmoja katika ukoo akiweza kueleza kwa maneno ya nyumbani profilini inafanya nini, kuna elfu nane ambazo hazitatoka. Huhitaji digrii kwa hilo. Unahitaji kukataa kuona aibu ya kusema “punje”, “uzi”, “soja” na “mjengo” mahali ambapo wengine wanasema maneno yanayokaza ulimi.

Kwa hivyo, akija mtu na unga, mafuta, matone au maji ya “kuamsha seli”, usianze na matusi. Mimi nilianza nayo nikashindwa. Mkaribishe, mpe chai, halafu umuulize pole pole. Ni seli zipi hizo, maana mwili una aina nyingi? Ni protini gani inayoguswa? Kabla ya unga wako, ilikuwa imezuiwa na nini? Je, seli za uvimbe nazo zitaamka, au unga wako unajua kuchagua? Nani hapaswi kuutumia? Utasikia sauti ikipanda, utaonyeshwa ushuhuda wa mtu wa kaunti nyingine, utaambiwa hospitali hazitaki ujue. Jibu la swali lako hutalisikia. Mgonjwa akiwa ameketi hapo, atakuwa amesikia kimya hicho pia.

Na siku ya kliniki, mtu wenu asiende peke yake. Nenda naye. Andika maswali kwenye simu mkiwa kwenye foleni. Muulize daktari au nesi: dawa hii inazuia nini, itatusumbua wapi, tukiona nini turudi haraka? Kama anatumia dawa ya kienyeji au unga wowote, isemeni pale pale bila kuficha, kwa sababu vitu viwili vinaweza kugombana mwilini. Wengi wao wakiulizwa vizuri hueleza. Tatizo ni kwamba tunaingia kimya na kutoka kimya, halafu tunaenda kusikiliza anayepiga kelele.

Nilimrudia shangazi baada ya wiki tatu. Safari hii nilibeba kalamu. Nikamchorea geti, soja, kibarua na ukuta wa mafuta. Nikamwonyesha wapi PIP2 inakatwa na nini kinafunguka ikikatwa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hata mwalimu wangu wa chuo angelipenda: “Kwa hivyo dawa ya hospitali inajaribu kumrudisha soja kazini?” Nikamwambia si hivyo kabisa, ya kwake inawabana mafundi wenyewe wasijenge, lakini ameelewa shida iko wapi.

Ule unga uliobaki hakuutupa. Alimpigia yule kijana simu, akambishania bei kinyumenyume hadi akarudishiwa elfu tatu. Kliniki yake ni Jumanne. Nauli ipo, na mimi ndiye nitakayekaa naye kwenye foleni.